Mali ya kale si mali ya kuokota

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Bariadi, Mkoa wa Simiyu.



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya vitu vya kale na namna vinavyotafutwa siku hizi kwa mashine ya kunasa metali, ile ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaiita detekta. Huenda wako miongoni mwenu wanaojiuliza jambo hili linatuhusu nini sisi watu wa pamba na ng'ombe. Vitu vya kale, watasema, ni habari ya Kilwa na Bagamoyo, habari ya watu wa pwani wanaoamka asubuhi baada ya dhoruba wakakuta bahari imewatupia sarafu mchangani.

Ninakubali kwamba habari yenyewe inaanzia pwani, na mimi nitaanzia huko. Lakini nitairudisha hapa Bariadi, kwa sababu mashine hiyo imekwisha kufika katika nyanda zetu za Ziwa. Imekuja kwa ajili ya dhahabu, na mwenye mashine hachagui atakachokisikia. Leo anatafuta dhahabu. Kesho atatafuta kile kinachoitwa mali ya Wajerumani. Keshokutwa atabisha hodi kwenye ofisi ya mmoja wenu akiomba kuchimba nyuma ya darasa. Siku hiyo mkuu wa shule, mtendaji wa kijiji au afisa wa halmashauri atatakiwa kujibu ndiyo au hapana. Nataka ajibu akiwa anajua anachokijibu.

Bahari inavyofukua

Ndugu zangu, mawimbi yana kazi mbili. Yakiwa matulivu huleta mchanga ufukweni. Yakichafuka, hasa pepo za kusi zinapovuma kwa nguvu na bamvua ikaja wakati huo huo, huukokota mchanga huo na kuurudisha kilindini. Mchanga ni mwepesi, huchukulika upesi. Kitu kizito kama sarafu ya shaba hakiendi mbali. Huzama katika mashimo madogo na kukaa juu ya tabaka gumu lililo chini. Dhoruba ikiisha, kile kilichokuwa kimefunikwa kwa kina cha mtu mzima huenda kikawa kimefunikwa kwa kina cha shibiri tu. Ndiyo maana duniani kote watafutaji wenye mashine hukimbilia fukwe siku ya pili baada ya bahari kuchafuka.

Katika nchi yetu mfano ulio bayana ni Kisimani, katika Kisiwa cha Mafia. Huo ulikuwa mji wa Waislamu wa kale, na sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari. Watu wameokota sarafu za kale mchangani hapo kwa miaka mingi, bila mashine yoyote. Kilwa Kisiwani nako bahari imekuwa ikimega kingo za mji ule. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikishwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mmomonyoko huo ukiwa mojawapo ya sababu. Yalitolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi ya miaka ya kuimarisha kuta na kuzuia maji.

Sarafu inaweza kwenda mbali sana na nyumbani. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari mmoja wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa katika mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake. Nne zilikuwa za kampuni ya Kiholanzi iliyofanya biashara Asia. Tano zilikuwa za Kilwa. Hadi leo wanahistoria wanabishana namna sarafu za kwetu zilivyovuka Bahari ya Hindi hadi huko. Na sababu kubwa ya ubishi huo ni hii: ziliokotwa tu. Hapakuwa na mtaalamu wa kutazama zilikuwa zimelalia nini, na zilikuwa pamoja na kitu gani kingine katika tabaka lile. Yaliyobaki ni sarafu zenyewe na maneno ya aliyeziokota.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu.

Sarafu isiyo na mwaka

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tumezoea kuwaambia wenye maduka na wahasibu wa vyama vya ushirika. Mimi nasema inazifaa mali za kale kuliko mali nyingine yoyote.

Sarafu za Kilwa ni vipande vidogo, vingi vya shaba. Upande mmoja una jina la mtawala, upande wa pili una maneno ya kumtukuza Mungu, na maandishi ya pande hizo mbili yana vina, kama ubeti mfupi. Lakini hazina mwaka. Ukiiweka sarafu ya Ali bin al-Hasan mkononi, itakuambia jina lake na basi. Haitakuambia alitawala lini. Mwaka wake utaupata ardhini, katika tabaka la udongo, katika vigae vya vyungu vilivyo kando yake, katika makaa na mifupa, katika sakafu iliyo juu yake na msingi ulio chini yake. Ardhi ndiyo daftari.

Tazameni mfano wa Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 watafiti waliokuwa pamoja na Mark Horton walipata hapo hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za nje. Dinari zile zilikuwa na miaka, na ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1066. Miongoni mwa majina yaliyosomwa katika zile za fedha ni Ali bin al-Hasan, jina linaloonekana pia katika sarafu za Kilwa. Basi kwa kuwa sarafu hizo zisizo na mwaka zilikutwa mahali pamoja na zile zenye mwaka, wanahistoria walipata hoja ya kuurudisha utawala huo nyuma hadi karne ya 11, mapema kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa. Waafrika wa pwani hii walikuwa wakipiga fedha yao wenyewe zaidi ya miaka 400 kabla ya Vasco da Gama kufika.

Sasa fikirini kwamba mtu mwenye detekta angetangulia kufika Mtambwe usiku mmoja. Dhahabu angeiyeyusha. Za fedha angezigawa mafungu na kuwauzia watalii. Kila sarafu ingekuwa bado ipo duniani, katika kabati la mtu fulani mahali fulani, nasi tusingejua lolote. Hakuna kitu ambacho kingevunjika wala kuungua, na bado historia ya karne nzima ingekuwa imetoweka.

Songo Mnara nako kulipatikana sarafu zaidi ya 300 za shaba zilizofukiwa pamoja ndani ya nyumba moja ya mawe. Thamani yake kwa gharama ya shaba ni ndogo. Lakini kwa kuwa wachimbaji waliandika zilikaa wapi ndani ya nyumba ile, katika udongo gani, waliweza kueleza zilifukiwa lini na kwamba zilifukiwa kwa mkupuo mmoja. Mashine ingewaambia kwamba hapo pana shaba, na hapo maarifa yake yangekoma.

Mashine inasikia nini

Nisieleweke kwamba naichukia mashine. Wapo watafiti wanaoitumia, tena kwa faida. Inafaa tu tujue inavyofanya kazi, maana wananchi wengi wanadhani ina macho ya kuona chini ya ardhi.

Ndani ya kile kisahani cha chini mna waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme unaopita humo kwa kubadilika-badilika hujenga nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na metali huamsha umeme mdogo ndani ya metali, na umeme huo hutoa sumaku yake, hafifu, inayorudi juu. Mashine huisikia ikalia. Kwa sarafu moja, kina chake kwa kawaida hakizidi sentimita 20 au 30. Mtu akikuambia mashine yake ya mkononi imeona sanduku la sarafu chini ya meta sita za mwamba, mshukuru, kisha mfungie mlango.

Lakini lililo kubwa zaidi ni kile isichokisikia. Haisikii kigae cha chungu. Haisikii ushanga wa kioo, mfupa, mbegu, wala kaa la moto. Watemi wa Usukuma na Unyamwezi walivaa, kama alama ya utawala, bamba jeupe lililochongwa kutoka gamba la konokono wa Bahari ya Hindi. Bamba hilo lilitembea na misafara mamia ya maili kutoka pwani mpaka kwenye paji la uso la mtemi. Hiyo ni hati ya historia ya biashara yetu kuliko sarafu yoyote. Mashine ingepita juu yake kimya, na jembe la mchimbaji lingeivunja vipande viwili wakati akifuata mlio wa kopo la samli.

Halafu kuna chuma. Watafutaji wa dhahabu na fedha huiseti mashine isijali chuma, maana chuma kwao ni takataka: misumari na makopo. Je, nyanda zetu zilijengwa kwa nini kama si kwa chuma? Wahunzi wa Kirongo wa upande wa Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe ambayo Wasukuma waliyanunua, wakalimia na kuposea. Mavi ya chuma yaliyobaki katika matanuru yao ndiyo kumbukumbu ya viwanda vya babu zetu. Mtu wa detekta huyatupa kando, akakasirika kwa nini yamempotezea muda.

Ng'ambo ya Ziwa, katika Mkoa wa Kagera, jambo hili lilishughulikiwa kwa njia nyingine. Huko Katuruka, karibu na Maruku, mtafiti Peter Schmidt aliwasikiliza wazee wa Kihaya katika miaka ya mwisho ya 1960. Wazee walimwonyesha mti uitwao Kaiija, wakamsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe na za ufuaji wa chuma mahali pale. Walipochimba walikuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Neno la wazee lilitangulia, chombo cha kuchimbia kikafuata. Ninyi walimu mnaofundisha vijijini mna wazee wa namna hiyo mlangoni kwenu, nao hawahitaji betri.

Mali ya Wajerumani

Ndugu wananchi, sasa nirudi nyumbani. Nani kati yetu hajasikia habari za sanduku la rupia lililofukiwa na Wajerumani? Kila wilaya ina mti wake, kila mlima una alama yake juu ya jiwe, na kila mwaka anatokea mtu mwenye ramani. Wengine huongeza kwamba rupia fulani huvuta mchele, au kwamba inauzwa kwa mamilioni kwa mzungu anayesubiri hotelini. Mwenye mshahara mdogo anaombwa achangie kwanza: nauli ya mtaalamu, kukodi mashine, dawa ya kuondoa mizimu. Fedha ikiisha, mzungu naye huwa ameondoka hotelini.

Usidhani upuuzi huu ni wetu peke yetu. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia ulienea uvumi kwamba ndani ya cherehani kuukuu za Singer mna zebaki nyekundu yenye thamani kubwa, na watu wenye akili zao wakanunua cherehani mbovu kwa fedha nyingi mno. Tamaa haina taifa. Ila walimu na watumishi wa umma wana dhamana zaidi, kwa sababu mwananchi akimwona mwalimu amechangia, naye huuza ng'ombe akachangia.

Tuupime uvumi huo kwa historia. Mwaka 1916 serikali ya Wajerumani hapa nchini ilikuwa imezingirwa. Meli hazikuweza kuleta fedha kutoka Ujerumani. Upungufu wa sarafu ukawa mkubwa hata wakachapa noti za muda kwa karatasi duni, na katika karakana ya reli Tabora wakapiga heller za shaba nyeupe na nyekundu, nyingine kutokana na maganda ya mizinga. Hapo hapo Tabora walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika Mkoa wa Singida wa leo, si mbali na mpaka wa Meatu. Sarafu hizo za tembo zilikuwa zaidi kidogo ya 16,000 tu, kila moja yenye uzito wa karibu gramu 7. Mwezi Julai mwaka huo Waingereza waliuteka mji wa Mwanza; mwezi Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Basi niambieni, serikali iliyofikia kuyeyusha maganda ya mizinga ili ipate senti za kulipia askari, ilitoa wapi masanduku ya kufukia chini ya kila mbuyu wa Usukuma?

Sikatai kwamba rupia moja moja zinapatikana mashambani. Zinapatikana, na kuna sababu ya kweli. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, rupia tatu kwa mwaka katika nyumba za vijijini. Mkulima ambaye maisha yake yalikuwa mtama, ng'ombe na jembe alilazimika kuitafuta fedha hiyo: akauze mazao, au aende kuwa kibarua mbali na kwao. Rupia unayoikuta leo katika tuta la pamba huko Itilima au Maswa huenda ilidondoka kutoka katika kitambaa cha mtu wa namna hiyo. Aliitafuta, hakuiona, na mtoza kodi hakumsamehe. Hiyo ndiyo mali ya Wajerumani iliyofukiwa katika ardhi yetu: jasho la mkulima. Mwalimu anayeishika sarafu hiyo mbele ya darasa la sita ameshika somo zima la ukoloni kati ya vidole viwili. Akimpa tapeli, amelitupa somo hilo.

Fukwe zetu za hapa

Mtaniuliza: je, Simiyu ina ufukwe? Unao. Wilaya ya Busega inapakana na Ziwa Viktoria. Mwaka 2020 maji ya Ziwa yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964, yakaingia mashambani na majumbani. Maji yanapopanda na kushuka hukwangua kingo, na katika kingo za Ziwa hili, upande wa Mwanza na Kagera, vimepatikana vigae vya vyungu vya wakulima na wafua chuma wa kwanza, wa zama zinazokaribia miaka 2,000 au zaidi. Hakuna sababu ya kuamini kwamba watu hao waliukwepa upande wetu.

Tena tunayo mito ya mchanga. Mto Simiyu na vijito vyake hukauka, halafu mvua kubwa ikinyesha juu hushuka maji ya siku moja yenye nguvu kuliko wimbi. Yakipita, kingo zimeanguka na mchanga umehama. Yale yale niliyoyasema juu ya bahari na mchanga mwepesi na kitu kizito ndiyo yanayotokea hapa. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipita Usukuma na msafara wake akielekea Ziwani, akautaja Mto Simiyu kuwa miongoni mwa vyanzo vya mbali vya Mto Nili. Kabla yake na baada yake ilipita misafara mingine, yenye shanga, nguo na nyaya nene za shaba. Wachota maji wanaofukua mchanga wakati wa kiangazi, wachunga ng'ombe, na vijana wanaopakia mchanga wa kujengea, hao ndio watakaokuwa wa kwanza kuona kitu kikichomoza. Mtu wa detekta atakuja wa pili.

Sheria inasema nini

Nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979. Kwa ufupi, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na mwanadamu hapa Tanganyika kabla ya mwaka 1863 ni kitu cha kale kinacholindwa. Hairuhusiwi kuchimba ardhi kwa kuvitafuta vitu hivyo bila leseni. Anayekikuta kwa bahati anatakiwa kutoa taarifa bila kuchelewa. Na kukipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali.

Nitasema pia lile ambalo watafutaji hupenda kulisema, maana ni kweli: rupia ya Mjerumani ni ya baada ya 1863, na wala nyingi hazikutengenezwa hapa. Kwa tarehe yake peke yake haimo katika fungu hilo. Lakini mchimbaji hajui atakutana na nini kabla ya kufika kwenye rupia yake. Anaweza kupitia kaburi, tanuru la chuma, au kijiji cha miaka 1,000. Na atakayesema anatafuta madini tu, huyo naye ana sheria yake: leseni za madini hutolewa kupitia Tume ya Madini, na leseni ya madini siyo ruhusa ya kufukua mambo ya kale. Kwa hiyo afisa anayeletewa ombi aulize leseni gani, ya nani, ya eneo lipi. Barua isiyojibu maswali hayo matatu haifai kupigwa muhuri.

Lakini sheria peke yake haitoshi, na hapa ningependa tuseme ukweli baina yetu. Mwananchi anayekuta kitu cha kale ana hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba atakamatwa. Ya pili ni kwamba atanyang'anywa, kisha kitu kiishie katika droo ya mtu. Hofu hizo zikibaki, atamwuzia mlanguzi usiku, na hatutamlaumu sana.

Waingereza walipambana na tatizo kama hili. Kwao mashine ni nyingi na ruhusa ya mwenye shamba hutosha kwa sehemu nyingi. Sheria yao ya Hazina ya mwaka 1996 inamtaka mpataji atoe taarifa, na kitu kikichukuliwa na makumbusho, hulipwa yeye na mwenye shamba. Mwaka 1997 walianza mpango wa kuandikisha hata vitu vidogo visivyo hazina, na vimekwisha kuandikishwa zaidi ya milioni moja. Mwaka 2009 mtu mmoja mwenye mashine alikuta katika shamba la Staffordshire hazina kubwa ya dhahabu ya zama za kale. Aliitolea taarifa, ikathaminiwa zaidi ya pauni milioni tatu, na malipo yakagawanywa baina yake na mwenye shamba. Mazingira yao na yetu ni tofauti, wala sisemi tufungulie mashine zizagae. Ninachosema ni kwamba mtu hutoa taarifa anapoona kuwa taarifa inamletea heshima badala ya fedheha.

Kazi yetu

Basi, ndugu zangu, kila mmoja wetu ana sehemu yake, na sehemu hiyo haingoji fungu la bajeti.

Mwalimu awafundishe watoto mambo manne. Ukiona kitu cha kale, usikichimbe zaidi. Usikisugue kwa mchanga wala majivu, maana kung'arisha sarafu ni kufuta maandishi yake. Weka alama mahali hapo, upige picha ikiwa simu ipo, uandike ni wapi, kina gani, na kando yake palikuwa na nini. Kisha mwambie mwalimu. Mtoto anayeweza kufanya hayo manne amejifunza sayansi, jiografia na uraia kwa siku moja.

Mtendaji wa kijiji awe na daftari la vitu vilivyookotwa, kama alivyo na daftari la mifugo iliyopotea. Anayeleta kitu apewe hati yenye jina lake na tarehe. Taarifa iende kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na kutoka kwake kwa Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Jina la mpataji lisipotee njiani. Kitu kikiwekwa makumbusho, au hata katika kabati la kioo la shule, kiandikwe kilipatikana na nani.

Sungusungu, waliozaliwa huku kwetu Usukumani na Unyamwezini mapema miaka ya 1980 ili kuwalinda ng'ombe wetu, waelezwe kwamba shimo lililochimbwa usiku penye makaburi ya watemi ni wizi kama wizi wa ng'ombe. Tofauti ni kwamba ng'ombe huweza kulipwa kwa ng'ombe mwingine.

Na mkuu wa shule atakayejiwa na mtu mwenye mashine na ramani ajue kwamba kiwanja kile si chake. Akichimba shimo nyuma ya darasa amewachimbia watoto hatari ya leo, na amewafutia habari za jana.

Tangu enzi za utemi watu wa Ntuzu waliitunza historia kwa ngoma na kwa masimulizi, na utemi ulipofutwa mwaka 1963 baadhi ya vitu vyake vilipata hifadhi katika makumbusho ya Bujora, kule Kisesa. Vingine vimo bado katika nyumba za watu, na vingi zaidi vimo ardhini, vikiwa salama kwa kadiri ambavyo hatujavigusa. Mvua za mwaka huu zitafukua baadhi yake. Nawaombeni mtoto wa kwanza atakayeviona awe mwanafunzi wa mmoja wenu, na awe ameshafundishwa la kufanya.